Wewe ni wa Nani?

Mwaka 2018, miezi michache baada ya kumaliza chuo, nilipata kazi ya mapokezi katika hospitali binafsi moja mjini Dodoma. Mgonjwa anafika dirishani, ananipa kadi ya bima, naangalia picha, naangalia uso, naingiza namba ya kadi kwenye mfumo wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nasubiri. Mfumo ukikubali unatoa namba ya idhini, naiandika kwenye fomu, mgonjwa anakwenda kumwona daktari. Ukikataa, namwambia maneno ambayo Watanzania wengi wamewahi kuyasikia: "Kadi yako haisomi."

Haisomi ni neno zuri la kujifichia. Linafanya kosa liwe la plastiki. Mara nyingi kadi ilikuwa inasoma vizuri kabisa, na ilichokuwa ikisema ni kwamba mwajiri hajapeleka michango, au mtoto ameshavuka umri, au mkataba wa kazi umekwisha. Lakini huwezi kumwambia mtu mzima mwenye homa, mbele ya foleni, kwamba bosi wake amemkata mshahara na hela haikufika. Unasema haisomi, unamwelekeza dirisha la pesa taslimu.

Asubuhi moja alikuja mama na mtoto wa kiume aliyekuwa amemlalia begani. Kadi ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. Picha ilikuwa ya mtoto mchanga, mashavu tu na macho, kama zilivyo picha nyingi za kadi za watoto. Mtoto anakua, picha inabaki pale pale, na baada ya miaka mitano hata mjomba wake hawezi kuapa kuwa ni yeye. Mfumo ulikubali. Lakini mtoto begani alikuwa mdogo mno kwa miaka saba. Nikainama dirishani nikamuuliza kwa upole, "Baba, unaitwa nani?"

Akamtazama mama yake kwanza. Kisha akataja jina lake, na halikuwa jina lililoandikwa kwenye kadi.

Nitarudi kwa mtoto huyu. Kwanza nataka kueleza swali lile limetoka wapi, kwa sababu siku ile nililiuliza kwa wepesi mno, kama vile hospitali zilizaliwa nalo.

Dar es Salaam ya Wajerumani haikuhitaji mtu wa kazi yangu. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa ufukweni katika miaka ya 1890, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Waasia walikuwa na hospitali yao, iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuihudumia misafara ya bara kutoka Bagamoyo. Uhakiki ulifanywa kwa macho, mlangoni, na ulichukua muda mfupi kuliko mfumo wowote wa kompyuta niliowahi kuutumia. Waingereza walipochukua nchi hawakubadili sana mpangilio huo. Hospitali mpya iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo, ilirithi wagonjwa wa Sewa Haji.

Kinachonishangaza ni kwamba Wajerumani walikuwa tayari wanaijua bima. Sheria ya Bismarck ya mwaka 1883 iliwalazimu wafanyakazi wa viwandani kuchangia mifuko ya ugonjwa pamoja na waajiri wao, na ndiyo mama wa karibu kila mfuko wa aina hii duniani. Kwa miongo mingi mgonjwa wa Kijerumani alikwenda kwa daktari akiwa na karatasi kutoka kwenye mfuko wake, moja kwa kila robo mwaka, hadi kadi ya chipu ilipoiondoa karatasi hiyo katika miaka ya 1990. Sheria ile haikupanda meli kuja Bagamoyo. Mfanyakazi wa hapa hakuwa mwanachama wa kitu chochote. Alikuwa wa mtu.

Hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Manamba alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, iliyowekwa alama kila siku aliyomaliza sehemu yake. Shamba kubwa lilikuwa na zahanati yake, na aliyetibiwa pale alitibiwa kwa sababu ni mkono wa shamba hilo. Swali la mganga lilikuwa moja: wewe ni wa nani? Baada ya uhuru swali hilo lilivaa nguo nzuri likaitwa sikishiti. Wazee waliofanya kazi kwenye mashirika ya umma wanaikumbuka: karatasi yenye mhuri wa mwajiri, unaichukua kwa karani, unaipeleka hospitali. Bila mhuri wewe si mgonjwa wa kampuni, ni mgonjwa tu.

Katikati ya hadithi hii kuna miaka ambayo swali lilinyamaza kabisa, angalau katika hospitali za serikali. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu yalikuwa bure, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida. Baba yangu, aliyekuwa mwanafunzi miaka hiyo, anasema ulifika na daftari lako, ukapanga foleni, ukatibiwa. Hakuna aliyekuuliza baba yako anafanya kazi wapi. Mimi huwa napenda kumsikia akieleza hivyo mpaka afike sehemu ya pili, ambayo naye haifichi: foleni ilikuwa ya kutwa nzima, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa unaandikiwa dawa ambayo haipo hospitalini, haipo dukani, na huenda haipo nchini.

Hospitali binafsi zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 serikali ikaanzisha uchangiaji wa huduma, kwanza kwenye hospitali kubwa kisha kushuka chini. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa maradhi sugu kama kifua kikuu na ukoma walisamehewa, na asiye na uwezo aliweza kuomba msamaha. Hapo ndipo madirisha yalipozaliwa upya. La kwanza lilikuwa la malipo. La pili halikuwa na kibao, mara nyingi lilikuwa ofisi ya ustawi wa jamii mwishoni mwa korido, ambako ulikwenda kuthibitisha kuwa huna kitu. Ulihitaji barua ya mtendaji kusema wewe ni maskini anayefahamika. Umaskini nao ukahitaji mhuri.

Mwaka 1996, wilayani Igunga, wakajaribu jambo jingine: Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya inalipa ada mara moja kwa mwaka, inapewa kadi, inatibiwa kwenye kituo chake. Serikali iliongeza kiasi sawa na kile kilichokusanywa, mpango uliopewa jina la tele kwa tele. Nimezungumza na watu waliozitumia kadi za karatasi za wakati ule, na wote wanaeleza uhakiki wake kwa namna moja: nesi alikuwa anakujua. Anajua umeoa nani, una watoto wangapi, na yule mtoto uliyemleta leo ni wa shemeji yako. Kadi ilikuwa ukumbusho tu wa jambo analolijua tayari. Ubaya ni kwamba ukiumwa ukiwa nje ya eneo lako, kadi hiyo ilikuwa karatasi. Nesi wa huko hakujui.

Kisha ukaja mfuko mkubwa. Sheria yake ilitungwa mwaka 1999, na ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mtumishi, nusu kutoka kwa mwajiri, hela inakatwa kabla hujaishika. Katika watumishi hao walimu ndio waliokuwa wengi, na hapa historia inajirudia kwa namna ambayo niliicheka nilipoisoma. Bima ya hospitali ya Marekani, ile iliyokuja kukua ikaitwa Blue Cross, ilianzia Dallas mwaka 1929 kwa walimu. Justin Kimball, aliyewahi kuwa msimamizi wa shule za mji huo, alikuwa sasa anaongoza upande wa Chuo Kikuu cha Baylor wenye hospitali, na alijua walimu wana bili wasizoweza kulipa. Akawapa mpango: senti 50 kwa mwezi, siku 21 za kulazwa. Kwa nini walimu, Dallas na Dodoma? Kwa sababu ni wengi, wanalipwa kidogo, na mishahara yao inapita kwenye mkono mmoja. Bima huanzia mahali ambapo orodha ipo tayari. Mkulima, mama ntilie na fundi gereji hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote, na ndiyo maana hadi leo kila mpango unawafikia mwisho.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kondoa. Aliileta fomu nyumbani, akaiweka mezani, ikakaa pale wiki nzima. Mwanachama, mwenza wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Wategemezi waliweza kuwa watoto, au wazazi, au wakwe. Sisi tulikuwa watoto wanne, na bibi, mama yake baba, alikuwa anaishi nasi akiwa na presha. Watu watano, nafasi nne.

Sikujua kuwa hesabu ilikuwa inapigwa. Nilikuja kuambiwa baadaye sana, na mama, kwamba baba alipita majina yetu usiku kucha kama anapanga zamu za darasani. Bibi hakutolewa, presha haisubiri. Mdogo wetu alikuwa mchanga. Kaka alikuwa na pumu. Ilibaki dada na mimi, na dada alikuwa mwepesi wa kushikwa na homa. Mimi nilikuwa mtoto asiyeumwa. Nilikuwa, kwa maneno ya mama, "mtoto wa mawe."

Sina kinyongo na baba. Alifanya kile kile ambacho miaka mingi baadaye kilikuja kuutikisa mfuko wenyewe. Ilipoanzishwa Toto Afya Kadi, kadi ya mtoto mmoja kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, wazazi wengi walimkatia mtoto anayeumwa na kumwacha mzima nyumbani. Mfuko ukalalamika kuwa unabeba wagonjwa bila wazima wa kuwachangia, na mwaka 2023 ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmojammoja, ukaelekeza waandikishwe kwa vikundi kupitia shule. Magazeti yaliandika kama vile ni hila ya wazazi. Mimi nikaiona meza yetu ya Kondoa.

Mwaka 2004, nikiwa na miaka tisa, mtoto wa mawe alipata malaria. Siku ya tatu nilikuwa siwezi kusimama. Baba alinibeba hadi kituo cha basi, na ndani ya basi, akiwa ameniweka mapajani kama mtoto mdogo, alinifundisha. Ukiulizwa jina, sema la dada. Ukiulizwa umri, sema 11. Ukiulizwa darasa, sema la tano. Alirudia mara nyingi, kwa sauti ya chini, sauti ile ile aliyoitumia kufundisha jedwali la kuzidisha. Alikuwa mwalimu ambaye aliwachapa watoto kwa kusema uongo.

Hospitalini hapakuwa na kompyuta. Nesi aliitazama picha ya dada, akanitazama, akauliza, "Unaitwa nani, mama?" Nikasema la dada. Akaandika. Baadaye daktari alipoliita jina hilo koridoni sikuinuka, kwa sababu nilikuwa namsubiri dada, na baba akanigusa goti. Niliwekewa dripu ya kwinini kwa jina hilo, na nikalala siku mbili kwenye wodi nikiitikia jina hilo hadi nikalizoea.

Ningependa kusema hapakuwa na madhara. Lakini faili la dada yangu lina malaria ambayo hakuugua na dawa ambayo hakupewa. Kama mwili wangu ungeikataa ile kwinini, mzio huo ungeandikwa kwake, na mimi ningebaki bila onyo popote. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema kuangalia kadi ni roho mbaya ya mfuko tu, nakubali nusu. Hospitali isiyojua imemtibu nani haijui imetibu nini.

Nusu nyingine ni hela, na ndiyo iliyoniweka mimi dirishani. Kwa mgonjwa wa bima, hospitali inatibu leo na kudai mwisho wa mwezi. Fomu zinakusanywa, zinapangwa, zinapelekwa kwenye mfuko, na huko zinakaguliwa moja moja. Saini ya mgonjwa hakuna, kunakatwa. Namba ya idhini imekosewa, kunakatwa. Aliyetibiwa siye mwenye kadi, kunakatwa, na hospitali inaweza kuitwa kujieleza. Makato yakiwa makubwa, swali la kwanza kwenye kikao ni nani alikuwa mapokezi siku hiyo. Mfuko unamshuku mgonjwa, unaishuku hospitali, hospitali inamshuku mfanyakazi wake, na shaka yote hiyo inateremka hadi kwa binti wa miaka 23 ambaye hana kiti cha kuegemea.

Tangu niache kazi ile zana zimebadilika. Mkoani Dodoma kwenyewe, katika mradi uliofadhiliwa na Waswisi, kulikuwa kumebuniwa mfumo wa kuandikisha kaya za Mfuko wa Afya ya Jamii: mwandikishaji anapita kijijini na simu, anapiga picha wanakaya, kituo kinaweza kuuliza kama ada yao bado hai. Mfumo huo ulikuja kutumika hadi Nepal. Sijui watu wa Kathmandu kama wanafahamu kuwa dirisha lao limejengwa kwa mbao za Dodoma. Hospitalini nako siku hizi wanaomba kidole na sura. Jina unaweza kumfundisha mtoto ndani ya basi, kidole hakifundishiki.

Lakini zana bora hazijaondoa zile siku ambazo kila mtu anakuwa hasomi kwa mpigo. Machi 1, 2024, mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao chenye bei mpya, hospitali binafsi nyingi zilisitisha kuwapokea wenye kadi zake, na watu wenye kadi hai, michango iliyolipwa na vidole halali walisimama mapokezi kwa siku kadhaa wakiambiwa haiwezekani. Oktoba 1 mwaka huo huo Wakenya wakalala na mfuko uliokuwapo tangu 1966, wakaamka na mwingine ambao ulidai kila mtu ajiandikishe upya, na wiki za kwanza mfumo ukawa unagoma wagonjwa wakiwa wamesimama. Bungeni kwetu sheria ya bima ya afya kwa wote ilikuwa imepita Novemba 2023. Kwa wote ni maneno makubwa. Nikiyasikia nawaza nani ataiandika orodha, na itakuwa na nafasi ngapi.

Yule mtoto, basi.

Utaratibu ulinitaka niizuie kadi na kutoa taarifa. Sikuizuia. Niliirudisha chini ya kioo, nikasema, bila kumtazama mama usoni, "Dada, kadi hii si ya mtoto huyu." Foleni nyuma yake ilisikia. Yeye hakubisha, hakulia, hakusema ni ya kaka yake, ingawa nadhani ilikuwa ya kaka yake. Alisema, "Samahani, dada," kana kwamba amenikanyaga. Nikamweleza habari za Toto Afya Kadi, ambayo wakati ule bado ilipatikana, shilingi 50,400. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokwenda. Kisha akahamia dirisha la pesa taslimu, akalipia kumwona daktari. Saa sita hivi niliwaona wakitoka. Hawakupita dirisha la dawa. Kwenye mkoba wangu chini ya meza kulikuwa na shilingi 15,000, na nilijua kuwa zipo.

Jioni nilimpigia baba. Sikuwa nimepanga kumweleza, nilitaka kumjulia hali tu, lakini nikamweleza yote. Alisikiliza kimya, na nilisikia redio yake ikipunguzwa sauti.

"Huyo mtoto," akauliza, "ulipomuuliza jina, alitaja lake mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

Akakaa muda.

"Hawakumfundisha," akasema.